Sindano ya Kumrudishia Kasuku Maneno

Ndugu zangu, kaeni kitako niwasimulie habari ya fundi cherehani na mke wake, maana yaliyowakuta yanaweza kubisha hodi kwenye nyumba yoyote yenye mgonjwa na mtu anayempenda mgonjwa huyo kupita kiasi.

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, na asubuhi jua liliingia mpaka kwenye miguu ya cherehani. Upande mmoja palikuwa na meza ndefu ya kukatia nguo, imejaa mikwaruzo ya mikasi. Upande wa pili palikuwa na kioo kirefu cha wateja, na kona ya nyuma pazia la mtu kubadilishia nguo. Katikati, shingoni kaning'iniza utepe wa kupimia, alisimama mke wa Fundi, mdomo ukiwa kazini.

Mtaa mzima ulimwita Kasuku, naye hakuchukia. Yeye ndiye aliyepima wateja, na kupima kwake kulikwenda sambamba na maneno.

"Shangazi, kiuno hiki tulikiacha mahali pengine kabisa mwaka jana. Nani amekisogeza?"

Shangazi alicheka mpaka akasahau kununa. Kijana wa kupimwa suti ya harusi aliulizwa kama bibi harusi anajua kwamba anakoroma. Mwenye kuleta suruali ya kupunguzwa alitoka na ushauri wa ndoa, wa malezi, na wa namna ya kuondoa doa la mafuta. Kasuku hakuwa na breki. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, pini mdomoni siku nzima. Watu walitania kwamba nyumba ile maneno yaligawiwa kwa fungu moja, na mke akawahi kulichukua. Fundi alisikia, akatabasamu, akaendelea kukanyaga pedeli. Hakuwahi kununua redio ya duka. Ya nini?

Sasa, siku moja Kasuku alikuwa anamweleza mteja habari ya gauni lake. "Hiyo mikono tuipunguze kidogo," alisema, "kwa sababu..."

Fundi, akiwa ameinamia kazi, aliingojea hiyo sababu. Haikuja. Aliponyanyua kichwa alimkuta mkewe ameegemea meza, upande mmoja wa uso umelegea, macho yamemtoka kwa mshangao kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali kuu walimpokea mapema, wakayaokoa maisha yake. Alirudi nyumbani akitembea polepole, mkono wa kulia ukiwa mzito. Lakini maneno yalikuwa yamekwenda. Daktari bingwa wa ubongo, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimkalisha Fundi na binti yao akawaeleza.

"Akili yake ipo. Anawaelewa. Sehemu inayotafuta maneno na kuyatoa ndiyo iliyoumia."

"Ataongea lini, daktari?"

"Baadhi ya maneno yatarudi kwa mazoezi. Mangapi na lini, sijui, baba."

Hiyo "sijui" ilimkera Fundi kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu hajui!

Mazoezi yakaanza. Kila wiki walikwenda kwa mtaalamu wa usemi pale hospitali, mwanamume mnene asiyejua haraka ni nini. Nyumbani kazi ilikuwa ya binti yao. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na jioni alikuja na kadi zake za picha, zile za watoto, akazipanga juu ya meza ya kukatia nguo.

"Mama, hii nini?"

Kasuku alitazama. Midomo ilijikunja, jasho likamtoka, mkono ukapiga meza kwa hasira. Halafu siku moja, wala si kwa kadi, alinyoosha kidole kwenye cherehani akasema: "Uzi."

Binti alipiga kigelegele. Wateja wakacheka na kulia kwa pamoja. Baada ya "uzi" lilikuja "chai", kisha "njoo", kisha "mkasi", kisha "ndiyo" na "hapana". Mtaalamu alifurahi, ila alimpa Fundi onyo moja.

"Ndiyo na hapana zake zinabadilishana viti mara kwa mara. Ukimuuliza jambo kubwa, usiridhike na mdomo peke yake. Mpe mikono yako miwili. Mwambie aguse wa kulia kama anataka, wa kushoto kama hataki. Halafu ngoja. Umngoje kweli."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Mtu mwingine angeshukuru kwa yale machache. Fundi alishukuru pia, lakini shukrani yake ilikuwa na tundu. Kwenye simu yake palibaki ujumbe mmoja wa sauti ambao Kasuku alimtumia zamani alipomwagiza vifungo. Wateja walipopungua, Fundi alijifungia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, akaiweka simu sikioni. "Wewe mwanaume, nimesema vyeusi, si vya kahawia! Hayo masikio ni ya mapambo?" Alisikiliza tena na tena, kichwa kimeegemea ukuta. Hakuna aliyewahi kutukanwa akatamani kutukanwa upya namna ile. Upande wa pili wa pazia Kasuku mwenyewe alikuwa amekaa, mzima, anapumua, anapanga vifungo kwa mkono wa kushoto, na mumewe anamlilia kama aliyesafiri.

Ndugu zangu, mnaona mlango ulivyokuwa wazi? Hapo ndipo alipoingia mgeni.

Alikuja kama mteja. Alikuwa bwana nadhifu, viatu vinang'aa, aliyetaka kushonewa makoti meupe ya wafanyakazi wa kituo chake cha matibabu. Fundi alimpima mabega. Watu wa mtaani baadaye walimbatiza Daktari Makoti, nami nitamwita hivyo hivyo. Akiwa amenyoosha mikono, alimwona Kasuku kwenye kiti.

"Mama anaumwa nini?"

"Kiharusi. Maneno yamekataa."

"Na hospitali wamekuambia usubiri." Hakuuliza, alisema, kama aliyekuwepo. "Fundi, nguo ikichanika unaiambia isubiri? Si unatia kiraka?"

Siku chache baadaye Fundi alikuwa amekaa kwenye ofisi ya kituo kile, ghorofani, kwenye sakafu iliyong'aa mpaka mtu anaona soli ya kiatu chake. Daktari Makoti alieleza vizuri, tena kwa subira. Zipo seli shina, alisema, seli changa ambazo hazijapangiwa kazi. Ukizipeleka penye jeraha, zinajifunza kazi ya pale. Shida ni kuzifikisha. Kwa hiyo wao wamezipachika chembe ndogo mno za chuma. Chuma kinavutwa na sumaku, na kinaonekana kwenye picha ya mashine. Sindano inapigwa mgongoni, mgonjwa anavishwa kofia ya sumaku, na seli zinapanda mpaka kichwani.

"Chembe ndogo kiasi gani?" Fundi aliuliza.

"Chukua unywele mmoja, gawanya upana wake mara elfu. Kipande kimoja ndicho hicho."

Fundi, mtu aliyetunga uzi kwenye sindano maisha yake yote, alijaribu kuwaza kitu cha namna hiyo akashindwa. Lakini aliuliza swali zuri, na laiti angeling'ang'ania.

"Zikimaliza kazi, zinatoka vipi?"

Daktari Makoti alicheka kwa upole. "Mwili unajua kazi yake. Chuma si hata kwenye maini unakila? Baada ya miezi miwili, Fundi, mama atakuwa anakugombeza."

Anakugombeza. Sijui kama yule bwana alibahatisha au alikuwa mjuzi wa kusoma nyuso, lakini neno hilo lilimwingia Fundi mpaka kwenye mifupa.

Binti yao hakufurahi. "Baba, umemuuliza daktari wa hospitali?"

Alikwenda kumuuliza, hilo tumpe haki yake. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Seli shina si uongo, baba. Kuna magonjwa ya damu tunayatibu kwazo. Hata hizo chembe, wapo watafiti waaminifu wanaozifanyia kazi, na siku moja huenda zikatufaa. Lakini kwa ubongo wa mtu kama mama bado ziko kwenye majaribio. Seli ikifa, chembe inabaki. Inakwenda wapi, inakaa muda gani, inafanya nini ikijikusanya na wenzake mahali pamoja, hayo ndiyo yanayochunguzwa. Jaribio la kweli lina wasimamizi, lina watu wa kumfuatilia mgonjwa kwa miaka, na hakuna anayekuahidi kupona. Huyo amekuambia nani anamsimamia?"

Fundi alilikwepa swali. "Kwa hiyo nikae tu?"

"Hukai tu. Mazoezi yanamsaidia, usiyaache."

"Yanamsaidia! Uzi na chai! Huyu alikuwa Kasuku, daktari."

"Najua, baba. Ningekuwa nayo dawa ningekupa leo."

Fundi alitoka na hasira za mtu aliyeambiwa ukweli. Nyumbani binti yake alimngojea mlangoni. "Amesemaje?"

"Amesema ni sawa," Fundi alijibu, akapita.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia mwanawe tangu amzae. Wa pili haukuwa uongo hasa, ila ni mzito zaidi, nao ndio ulionifanya niisimulie hadithi hii.

Asubuhi ya kwenda kituoni, Fundi alipiga goti mbele ya kiti cha mkewe. Alimweleza yote: seli, chembe, sumaku, sindano ya mgongo. Kasuku alimtazama machoni bila kupepesa.

"Twende, Kasu wangu?"

"Hapana," alisema Kasuku.

 Fundi akakumbuka maneno ya mtaalamu, lakini aliyakumbuka nusu, ile nusu iliyomfaa. Ndiyo na hapana zake zinabadilishana viti. Basi amesema ndiyo! Mkono wa kushoto wa Kasuku ulinyanyuka kutoka kwenye paja, ukaanza kumwelekea. Fundi hakungoja kuona unakokwenda. Alishasimama kutafuta viatu vya mkewe chini ya meza.

Sindano ilipigwa. Kofia ya sumaku ilivalishwa. Kwa gharama hiyo cherehani mpya ya Fundi ilihamia duka la mtu mwingine, akabaki na ile kuukuu, naye hakujuta. Siku iliyofuata Daktari Makoti alimwonyesha picha ya ubongo wa Kasuku, na humo madoadoa meusi, kama punje za mbegu zilizotawanyika.

"Unaziona? Hizo hapo. Zimefika kazini."

Fundi aliitazama picha ile mpaka machozi yakamlengalenga. Aliomba nakala, akaibandika dukani karibu na kioo, kati ya picha za mitindo ya magauni. Kila mteja alionyeshwa. "Hawa hapa wafanyakazi wapya wa Kasuku," alisema, yeye ambaye zamani hakuwa msemaji. Jirani yake muuza viatu, aliyesumbuliwa na goti kwa miaka, aliomba anwani ya kituo. Fundi alimwandikia mwenyewe kwa chaki ya kukatia nguo, nyuma ya boksi la viatu.

Kasuku alishikwa na homa na kichwa kumgonga. Fundi alipiga simu.

"Ni dalili nzuri," Daktari Makoti alimwambia. "Zinafanya kazi. Na hayo mazoezi ya hospitali myasimamishe kwanza, ubongo upumzike."

Yakasimamishwa. Homa ilishuka, na jioni moja Kasuku alisema, "Mkasi."

"Umesikia?" Fundi alimkimbilia binti yake. "Neno jipya!"

Binti alimtazama baba yake kwa huruma. "Baba, hilo alikuwa nalo kabla ya sindano."

Baba akajifanya hakusikia. Jamani, mtu anayetamani kitu kwa moyo wote ni rahisi kumdanganya, maana nusu ya kazi anaifanya mwenyewe.

Kisha maneno yakaanza kudondoka. "Chai" likawa "cha", likawa hewa. "Njoo" likapotea. Siku Kasuku alipoielekeza cherehani kidole na mdomo ukafunguka bila kutoa kitu, Fundi alisema amechoka tu. Lakini mchana huo alishona pindo la mteja upande upande, jambo ambalo halijawahi kutokea dukani kwake.

Ilikuwa mchana, mteja amesimama mbele ya kioo na pini mabegani, Kasuku alipoanguka kutoka kwenye kiti. Mwili ulikakamaa, ukarukaruka, povu likamtoka. Degedege la mtu mzima, jamani, si kitu cha kutazama mara mbili. Mteja alikimbia nje na koti nusu limeshonwa nusu limeshikizwa, kutafuta gari.

Hospitali kuu, daktari bingwa ni yule yule. Baada ya kumtuliza mgonjwa aliwaita Fundi na binti yake pembeni.

"Amefanyiwa nini tangu nilipowaona?"

 Binti ndiye aliyejibu, tena kwa mshangao. "Ile sindano ya seli, daktari. Si wewe uliyemwambia baba ni sawa?"

Daktari alimtazama Fundi. Binti naye akamgeukia baba yake. Fundi aliangalia viatu vyake, na hapo binti akaelewa bila kuambiwa. Hakupiga kelele. Alisogea hatua moja mbali na baba yake, basi. Fundi anasema ile hatua moja anaisikia mpaka leo.

"Lawama tuziweke kando," daktari alisema. "Niambie kila kitu, baba, hata usichokielewa. Kwa sasa hiyo ndiyo itakayonisaidia kumtibu."

Fundi alieleza. Daktari alitaka kujua chembe zile zimepakwa nini, ni kiasi gani kimeingizwa, na seli zenyewe zimetoka kwa nani. Binti alikwenda mbio kituoni kuuliza. Mapokezi walimjibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Mama yake yuko kitandani anapigania uhai, na anaambiwa siri ya biashara!

Picha mpya ya ubongo ilipotoka, daktari aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Yale madoadoa hayakuwa punje tena. Sehemu moja yalikuwa yameungana, yakafanya giza kama wino uliomwagikia karatasi.

"Chuma kinaipofusha mashine," alisema. "Pale penye giza sioni. Huenda kuna uvimbe, huenda kuna damu, huenda hakuna kitu. Ninachokiona ni kwamba pembeni yake pamevimba, mwili unapigana na kitu usichokijua."

"Na zile seli?"

"Inawezekana zilikufa mapema sana. Chembe haziwezi kukuambia seli ni hai. Zinaonekana vilevile, seli iwepo au isiwepo."

"Kwa hiyo ile picha niliyobandika..."

"Ulikuwa unatazama chuma, baba."

Fundi alikaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, watu wakimruka miguu. "Si mnaweza kuzitoa?" aliuliza mwishowe. "Nyinyi si mnapasua?"

"Hakuna mkasi wa kuzishika. Tutapunguza uvimbe, tutazuia degedege, tutamfuatilia. Zitakavyomfanya huko mbele, sijui."

Safari hii "sijui" haikumkera. Alimwangalia yule mama aliyechoka, akaona kwamba tangu mwanzo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimheshimu vya kutosha kumwambia neno hilo.

Dawa zilisaidia. Degedege lilikoma, uvimbe ukapungua, Kasuku akatoka hospitali akiwa hai. Ila mguu wa kulia sasa aliuburuta, na yale maneno machache aliyoyatolea jasho juu ya kadi za watoto hayakurudi naye. Hata "ndiyo". Hata "hapana".

Siku ile ile waliporudi, Fundi aliibandua picha ukutani, akaenda nayo kwa muuza viatu. Alimkuta amevaa tayari kwenda kituoni, goti limefungwa bandeji.

"Usiende," Fundi alimwambia. "Nilikuelekeza vibaya."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema nilichotaka kiwe."

Muuza viatu alivua koti, akaketi. Bado anachechemea, lakini goti lake analijua lina nini ndani. Binti naye hakukata tamaa. Aliwaandama wanaosimamia hospitali mpaka wakafika kituoni. Walikuta vyumba vitupu na sakafu ikiwa bado inang'aa. Inasemekana Daktari Makoti amefungua kwingine kwa kibao kingine. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, usidhani haya yameisha.

Binti hakumnunia baba yake milele. Alirudi na kadi zake, akaanza upya na mama yake kwenye "a" na "u", na siku nyingine alimwachia baba kiti ili naye ajaribu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata yeye hakulijua, na Fundi hakuweza tena kulibeba.

Asubuhi moja, kabla ya wateja, alisogeza stuli akaketi mbele ya mkewe.

"Kasu," alisema, "ile siku ulisema hapana. Nilikusikia. Nilijifanya umekosea neno, na nilijua hukukosea. Niliona mkono wako unakuja. Sikungoja."

Kasuku alimtazama.

"Nilikuwa naitaka sauti yako mpaka nikaacha kukusikiliza. Nisamehe. Au usinisamehe. Nitukane, basi. Nitukane hata kidogo."

Akamnyooshea mikono yote miwili, viganja juu, wa kulia na wa kushoto, akangoja. Magari yalipita barabarani. Mteja alichungulia mlangoni, akaona, akaondoka taratibu. Fundi aliendelea kungoja. Kasuku aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, mmoja kisha mwingine, na uso wake ulikuwa na mambo mengi ambayo mume hakuweza kuyasoma. Mwishowe aligeuza kichwa polepole, akatazama nje, barabarani. Hakugusa wowote.

Fundi hajui kama alikataa, au hakuelewa, au bado anafikiri. Kila asubuhi hufungua duka, humkalisha mkewe penye jua, hujikalisha mbele yake na kunyoosha mikono, na hungoja kabla ya kuanza kazi.

Mafunzo ya kubeba kutoka duka hili

Ndugu zangu, sikusimulia haya ili mchukie sayansi. Seli shina zimekwisha kuokoa watu, na hizo chembe ndogo huenda siku moja zikawa msaada mkubwa mikononi mwa waliozichunguza mpaka mwisho. Ila kitu kidogo kisichoonekana kwa macho si kitu kidogo kikishaingia mwilini. Mtu akikuletea tiba mpya, muulize: imejaribiwa wapi, nani anakusimamia, kitakachobaki mwilini kitakwenda wapi, na likiharibika jambo nitamfuata nani? Akijibu kwa tabasamu tu, chukua mgonjwa wako mrudi nyumbani. Daktari anayekiri asichokijua msimkimbie.

Na kwa sisi tunaouguza: tusiwadanganye wenzetu nyumbani, wala tusimfiche daktari jambo lolote, maana yeye hutibu kwa anachoambiwa. Tusiyadharau maendeleo madogo ya mgonjwa kwa kutamani makubwa. Zaidi ya yote, mwili ni wa mgonjwa. Hata akiwa amebakiwa na neno moja, hilo neno ni lake. Tumuulize, tumngoje ajibu, na akikataa, tukubali kwamba amekataa.